Moyo Ulirudi. Mtoto Je?

Jumamosi iliyopita nilimtuma mdogo wangu dukani. Vitu vitatu tu: maziwa, chumvi na kiberiti. Duka liko chini ya ploti yetu, ukiita kwa dirisha mwenye duka anaitikia. Alirudi na maziwa. Nikamwuliza chumvi iko wapi, akaniangalia vile mtu huangalia akiingia chumbani na kusahau alichofuata. Akashuka tena ngazi. Akarudi na maziwa mengine.

Ana miaka 11, yuko Gredi ya 5. Anacheza mpira vizuri, anacheka sana, na anajua jina la kila dereva wa matatu za njia yetu. Ukikutana naye stendi hutasema ana shida yoyote. Na hiyo ndiyo shida yenyewe.

Alipokuwa na miaka 5 alilazwa na nimonia katika hospitali ambayo sitaitaja. Usiku wa pili wakamwacha mamangu nje ya wodi, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, huku ndani nesi mmoja akimsukuma mtoto kifua na mwingine akibana mfuko wa hewa. Ilichukua dakika ngapi hakuna aliyetuambia. Mamangu ana kipimo chake: anasema alisali Salamu Maria ishirini na tano. Kisha nesi akatoka, jasho limemjaa, akamwambia, "Mama, moyo ulisimama kidogo, lakini umerudi." Wiki tatu baadaye tukaenda naye nyumbani. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa waliandika nimonia, wakaorodhesha dawa, wakasema hali yake ni nzuri. Kuhusu ule usiku, hata mstari mmoja hakuna.

Mwaka huo huo niliacha chuo. Nilikuwa mwaka wa pili, nasomea historia, na karo ikaingia kwenye bili. Sisemi hivi ili nionewe huruma, mambo yashapita. Nasema kwa sababu historia ndiyo kitu pekee nilichofundishwa kufanya, hata kama ni nusu, na imenichukua miaka mingi kujua kwamba kilichompata mdogo wangu nacho kina historia. Katika hiyo miaka nilimwita mvivu. Nilimwita mjinga pia, mara moja, mbele ya marafiki zake. Siku mwalimu alipotuita kusema mtoto "hana bidii," nilikubaliana naye.

Kiswahili kina mtego mmoja hapa. Tunasema mtu amepona ajali, maana yake hakufa. Tunasema pia amepona homa, maana yake ugonjwa umemtoka, yuko kama zamani. Neno ni lile lile. Madaktari wa Ulaya na Marekani wana maneno mawili tofauti, na bado iliwachukua karibu karne nzima kugundua kwamba walikuwa wakihesabu moja tu.

Hadithi ya zamani zaidi ninayoijua ya mtoto aliyerudishwa iko kwenye Biblia, Wafalme wa Pili. Mtoto wa mwanamke Mshunami anashikwa na kichwa akiwa shambani, anakufa mapajani mwa mamake, na nabii Elisha anamlalia, mdomo kwa mdomo, mpaka mtoto anapiga chafya mara saba. Watu wengi huishia hapo. Lakini ukisonga mbele sura kadhaa, huyo mama anatokea tena mbele ya mfalme akidai shamba lake, na mtumishi wa Elisha anamwonyesha mfalme: huyu hapa ndiye mtoto mwenyewe. Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo ripoti ya kwanza ya ufuatiliaji. Yuko hai, basi. Kama alikuwa anakumbuka kufunga zizi la mbuzi jioni, mwandishi hakuona haja ya kutuambia.

Wazungu walirudi kwenye mambo haya karne ya 18, kwa sababu miji yao ilikuwa na mito na mifereji na watu walikuwa wakizama. Amsterdam walianzisha chama cha kuokoa waliozama mwaka 1767, London wakafuata 1774. Walipuliza hewa mdomoni, waliwapasha joto, na walipuliza moshi wa tumbaku kupitia sehemu ya nyuma ya mwili. Ndiyo, huko huko. Tuendelee.

Kilicholeta tatizo hili ndani ya hospitali ni dawa ya usingizi. Januari 1848, karibu na Newcastle, Uingereza, msichana wa miaka 15 aitwaye Hannah Greener alipewa klorofomu ili atolewe ukucha wa kidole cha mguu. Ukucha! Alikufa ndani ya dakika chache. Kutoka hapo kila daktari wa upasuaji alijua kwamba mgonjwa aliyeingia akitembea anaweza kufia mikononi mwake. Mwaka 1891 huko Göttingen, Ujerumani, daktari kijana Friedrich Maass alijaribu kitu ambacho leo tunakiona kwenye kila filamu: kusukuma kifua kwa nje, haraka haraka, zaidi ya mara 120 kwa dakika. Mmoja wa wagonjwa wake alikuwa mvulana wa miaka 9, naye kwa klorofomu. Mtoto alirudi. Maass akaandika, akachapisha, na dunia ikamsahau kwa zaidi ya nusu karne. Madaktari wenzake walipendelea kupasua kifua na kuushika moyo wenyewe kwa mkono.

Ona jinsi watoto wanavyojirudia katika hadithi hii. Mwaka 1947 huko Cleveland, Marekani, Claude Beck alikuwa anamfanyia upasuaji mvulana wa miaka 14 ambaye kifua chake kilikuwa kimebonyea ndani. Wakati wa kufunga kidonda, moyo ukasimama. Beck akafungua kifua tena, akaukamua moyo kwa mkono kwa zaidi ya nusu saa huku mashine yake ya umeme ikiletwa kutoka maabara, ambako ilikuwa imetumiwa kwa mbwa. Shtuko la kwanza halikufanya kazi. La pili lilifanya. Ilikuwa mara ya kwanza moyo wa binadamu kurudishwa kwa umeme na mwenye moyo akaishi. Mvulana alitoka hospitalini akili zake timamu.

Historia inampenda huyu mvulana. Yuko kwenye kila kitabu. Nami nafurahi kwa ajili yake, kweli. Ila nadhani alitudhuru bila kujua, kwa sababu alifanya ionekane kwamba kuna njia mbili tu: unakufa, au unarudi jinsi ulivyokuwa.

Miaka mitano baadaye kulikuwa na mtoto mwingine ambaye watu hawamtaji sana. Agosti 1952, Copenhagen ilivamiwa na polio. Hospitali ya Blegdam ilikuwa na mashine chache mno za kupumulia, na wagonjwa walikuwa wanafika kila siku wakishindwa kuvuta pumzi. Bjørn Ibsen, daktari wa dawa za usingizi, alimchukua msichana wa miaka 12 aliyekuwa anakata roho, akaagiza atobolewe tundu kooni, ukaingizwa mrija, akaanza kumpumulia kwa kubana mfuko wa mpira kwa mkono. Ilifanya kazi. Lakini mkono unachoka. Basi wakaitwa wanafunzi wa udaktari na wa meno, karibu 1,500, wakikaa kwa zamu kando ya vitanda, usiku na mchana, kubana na kuachilia, kubana na kuachilia. Hapo ndipo wodi ya wagonjwa mahututi, hii ICU tunayoiogopa kwa sababu ya bili, ilipozaliwa. Huwa nawafikiria wale wanafunzi. Wengi walikuwa umri wangu nilipoacha masomo.

Yule msichana aliishi miaka mingine 19. Viungo vyake vilikuwa vimepooza na aliishi akitegemea mashine ya kupumulia. Kwenye hesabu ya waliookolewa yeye ni mmoja, na mvulana wa Cleveland ni mmoja.

Mbinu ya kusukuma kifua ilirudi kwa bahati. Pale Johns Hopkins, Baltimore, kulikuwa na mzee aitwaye William Kouwenhoven ambaye hakuwa daktari hata. Alikuwa injinia wa umeme, na utafiti wake ulianza kwa sababu mafundi wa kampuni za umeme walikuwa wakinaswa na nyaya na kufa. Kijana mmoja kwenye maabara, Guy Knickerbocker, aliona kwamba akizigandamiza zile sahani nzito za mashine kwenye kifua cha mbwa, shinikizo la damu linapanda kidogo, hata kabla ya umeme kuwashwa. Wakajaribu kwa mikono. Mmoja wa wagonjwa wa mwanzo kabisa alikuwa mtoto wa miaka 2, mwaka 1958. Tarehe 9 Julai 1960, yeye, Kouwenhoven na daktari James Jude walichapisha matokeo ya wagonjwa 20, 14 walipona. Ujumbe wao ulikuwa kwamba mtu yeyote, popote, anaweza kuifanya kazi hiyo akiwa na mikono miwili.

Kwenye mji huo huo alikuwepo Peter Safar, mzaliwa wa Vienna, mtaalamu wa dawa za usingizi. Yeye alithibitisha kwamba kupuliza mdomo kwa mdomo kunatosha kumpa mtu oksijeni, na alifanya hivyo kwa watu wa kujitolea waliokubali kulemazwa misuli kwa dawa, wasiweze kupumua wenyewe. Leo hakuna kamati ya maadili ingekubali. Safar akaunganisha vitu viwili, pumzi na kifua, na hivyo ndivyo CPR ilivyokuja kuwa kitu kimoja. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, na tayari alikuwa kwenye historia.

Mwaka 1966 akiwa safarini kwenye mkutano wa kitaaluma, binti yake wa miaka 11 alishikwa na pumu. Mtoto alipofika hospitalini na kufanyiwa kila kitu, moyo ulirudi na mapafu yakarudi. Ubongo haukurudi. Alikaa kwenye koma siku chache kisha akafariki.

Nimesoma habari hii mara nyingi na kila mara nasimama hapo. Mtu aliyewafundisha watu jinsi ya kurudisha moyo, binti yake mwenyewe anarudishiwa moyo. Kabla ya hapo Safar alikuwa ameshaanza kusema kwamba ubongo ndio mwisho wa safari, alikuwa hata ameandika kuhusu kumpoza mgonjwa ili kuulinda. Lakini baada ya kifo cha binti ndipo maisha yake yaligeukia huko kabisa. Mwaka uliofuata, Pittsburgh, alisaidia kuanzisha huduma ya ambulensi ya Freedom House, ambayo wahudumu wake walikuwa Wamarekani weusi wa mtaa wa Hill District, watu ambao wengi wao hakuna aliyekuwa tayari kuwaajiri. Wakawa miongoni mwa wahudumu wa dharura wa kwanza waliofunzwa vizuri nchini humo. (Hiyo peke yake ni makala nzima, mhariri nisaidie.) Na kwenye lile neno refu la Kiingereza linalofupishwa CPR, Safar alisisitiza waongeze herufi ya ubongo. Hakushinda. Sote tunasema CPR hadi leo.

Kuna jambo ambalo lazima niliseme polepole hapa, maana bila hilo huwezi kuelewa kwa nini watoto ni tofauti. Mtu mzima moyo wake mara nyingi husimama ghafla, kwa kosa la moyo wenyewe. Ni kama stima kupotea. Sekunde moja kabla, ubongo ulikuwa na damu yenye oksijeni ya kutosha. Mtoto huwa si hivyo. Moyo wake kwa kawaida ni mzima. Kinachoanza kushindwa ni mapafu, au damu imejaa maambukizi, au maji yameisha mwilini kwa kuhara, na moyo unasimama wa mwisho, baada ya kujikaza hadi ukachoka. Maana yake ni kwamba moyo wa mtoto unaposimama, ubongo tayari umekuwa na njaa kwa muda. Na sehemu za ubongo zinazoumia mapema kwa njaa hiyo ni pamoja na ile inayoitwa hipokampasi, ambayo ndiyo inayoweka kumbukumbu mpya. Unaweza kutembea, kucheka, kupiga danadana mara hamsini, na usikumbuke chumvi.

Jambo la pili: ubongo wa mtoto ni nyumba inayojengwa. Ukivunja kitu kwenye msingi, huoni siku hiyo. Unaona ukifika kuweka ghorofa ya pili. Mtoto wa miaka 5 haombwi kupanga mambo, kushika maagizo matatu kwa mpigo, kusoma aya na kuifupisha. Wa miaka 11 anaombwa. Kwa hivyo upungufu unaweza kukaa kimya miaka, kisha utokee darasani, na kufikia hapo hakuna anayekumbuka hospitali. Wanasema tu mtoto ameharibika, au simu imemharibu.

Hesabu zilianza kuwekwa vizuri karibu mwaka 2000, Marekani, hospitali nyingi zilipoanza kuandika kila moyo unaosimama kwenye sajili moja. Zilipokuja kujumlishwa, zilionyesha kwamba kati ya watoto ambao moyo ulisimama wakiwa hospitalini, waliotoka hai walikuwa takriban asilimia 14 mwaka 2000. Kufikia 2009 walikuwa asilimia 43. Miaka tisa tu! Sijui mambo mengi ya udaktari yaliyobadilika kasi hiyo. Na ni mafanikio haya yaliyoleta swali jipya, kwa sababu sasa kulikuwa na kundi kubwa la watoto waliokuwa wanarudi nyumbani.

Hapo likaja jaribio kubwa la kupoza mwili. Watu wazima walikuwa wameonyesha mwaka 2002 kwamba kushusha joto baada ya moyo kurudi kunaweza kuulinda ubongo, ile ndoto ya Safar. Je, watoto? Hospitali 37 za Marekani, Kanada na Uingereza zikajaribu kwa watoto waliosimama moyo wakiwa wamelazwa: wengine wakashushwa hadi nyuzi 33, wengine wakazuiwa tu wasipate homa. Matokeo yalitoka 2017. Hakukuwa na tofauti. Jaribio lilikatizwa mapema kwa sababu lilionekana halitaleta jibu jingine.

Unaweza kusema lilishindwa. Mimi naliheshimu kwa jambo moja: hawakuuliza tu ni nani yuko hai siku ya kutoka hospitalini. Walisubiri mwaka mzima, kisha wakawapigia wazazi simu. Wakawauliza mambo ya nyumbani: anavaa mwenyewe? Anasema mnaelewa? Anacheza na wenzake? Baada ya mwaka, karibu nusu ya watoto walikuwa hai. Waliokuwa hai na wakapata alama iliyohesabiwa kuwa nzuri walikuwa asilimia 36 kwenye kundi lililopozwa na 39 kwenye lile lingine.

Na hiyo alama "nzuri" ni ipi? Kwenye kipimo hicho mtoto wa kawaida hupata 100. Mstari wa kupita uliwekwa 70. Watoto wanaopata chini ya 70 katika jamii ni wachache sana, kama wawili hivi kwa kila mia. Kwa hivyo ukipata 72 unaingia kwenye safu ya waliopona vizuri. Silaumu watafiti, lazima mstari uwekwe mahali. Lakini ukiwa na mtoto wa 72 nyumbani unajua maana yake.

Watafiti wenyewe waliliona hilo. Beth Slomine, mwanasaikolojia wa Baltimore, na wenzake waliwachukua watoto wa majaribio hayo waliohesabiwa kuwa sawa, wakawapima mmoja mmoja: kumbukumbu, umakini, kufikiri. Walichapisha 2018. Waliokuwa "sawa" wengi hawakuwa sawa. Walikuwa na mapengo ambayo simu kwa mzazi haikuyaona, hasa kwenye mambo ya kujifunza na kukumbuka. Nilipoisoma hiyo ripoti nilikuwa kwa matatu, saa moja jioni, nikapitisha stegi yangu.

Mwaka 2020 mambo mawili yalitokea ambayo Corona iliyafunika. Wataalamu wa kimataifa walikubaliana orodha fupi ya vitu ambavyo utafiti wowote wa watoto waliosimama moyo unapaswa kupima: kuwa hai, hali ya ubongo, uwezo wa akili, uwezo wa mwili, na shughuli za kila siku. Na Wamarekani wenye ule mchoro maarufu wa mnyororo wa uhai, ambao kwa watu wazima ulianza na pete nne mwaka 1991 na kuongezwa ya tano 2010, wakaongeza pete ya sita kwa wakubwa na kwa watoto. Pete hiyo ni ya kupata nafuu. Toka Maass hadi hapo ni miaka 129.

Huku kwetu je?

Kilifi. Kati ya mwaka 2002 na 2004, watafiti wa KEMRI pale hospitali ya wilaya waliandika kila mtoto aliyelazwa ambaye pumzi ilikatika au moyo ulisimama. Walikuwa 114. Magonjwa yaliyowaleta ni yale tunayoyajua: malaria kali, maambukizi ya damu, utapiamlo. Wote walijaribiwa kurudishwa. Kati ya 82 ambao pumzi ilikatika lakini moyo ukawa bado unapiga, 18 walienda nyumbani. Kati ya 32 ambao moyo wenyewe ulisimama, watano walirudi kwa muda. Aliyetoka hospitalini akiwa hai: hakuna.

Sifuri. Nilirudia kusoma huo mstari nikidhani nimekosea. Halafu nikamkumbuka yule nesi na neno lake, "kidogo." Inawezekana moyo wa mdogo wangu haukusimama kamwe. Inawezekana ni pumzi tu iliyokatika, na moyo ukawa unapiga polepole mno wakaanza kusukuma, maana kwa watoto ndivyo wanavyofundishwa. Inawezekana pia ulisimama na yeye ni wa bahati. Hatuwezi kujua, kwa sababu hakuna aliyeandika. Na hiyo tofauti, ambayo kwetu ni neno la nesi mlangoni, Kilifi ilikuwa ndiyo tofauti kati ya watoto 18 na sifuri.

Ndiyo maana siwezi kuandika kwa dharau kuhusu hospitali zetu. Juhudi zao ziliwekwa mahali sahihi, yaani kabla moyo haujasimama. Elizabeth Molyneux na wenzake huko Blantyre, Malawi, walipanga upya jinsi watoto wanavyopokelewa mlangoni, anayeshindwa kupumua asikae foleni na aliyekuja kukaguliwa kikohozi, na vifo vya waliolazwa vikapungua sana. Kenya ikachukua wazo hilo ikalipanua kuwa kozi ya siku tano, ETAT+, inayoanza na njia ya hewa, kisha pumzi. Tanzania, kwenye hospitali nane, wakunga walifundishwa kumpumulia mtoto mchanga ndani ya dakika yake ya kwanza, na vifo vya siku ya kwanza vikashuka kwa asilimia 47. Mwanasesere waliyefanyia mazoezi alitoka kwa kampuni ya familia ya Asmund Laerdal, Mnorwe mtengenezaji wa vitu vya kuchezea aliyewahi kumvuta mwanawe wa miaka 2 kutoka majini. Nadhani yule nesi aliyetoka na jasho alikuwa amepitia mafunzo ya aina hiyo. Sikuwahi kumshukuru. Simkumbuki hata sura.

Lakini pete ya sita? Mahali pekee nilipoikuta huku kwetu ni kwenye malaria. Kampala, pale Mulago, waliwafuata watoto waliopona malaria ya ubongo kwa miaka miwili. Asilimia 26 walikuwa na upungufu wa akili unaopimika, wakilinganishwa na kama 8 ya watoto wa mtaani kwao ambao hawakuugua. Na Kilifi, Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo chao cha ukuaji wa mtoto, kwa vifaa na mambo ambayo mtoto wa pwani anayajua. Ni jambo dogo kulisikia lakini fikiria: unampima mtoto wa Ganze kumbukumbu kwa picha za vitu ambavyo hajawahi kuviona, kisha unaandika ana kumbukumbu mbaya.

Kwa hivyo ujuzi upo. Upo Kilifi na upo Kampala. Kile ambacho hakipo ni mtu wa kumwambia mama, siku ile ya kubeba mtoto na blanketi, kwamba arudi baada ya miezi sita hata kama anacheka, na arudi tena akianza shule, na amwonyeshe mwalimu karatasi hii. Ingetosha mistari mitatu kwenye ile fomu.

Mwezi uliopita nilienda shuleni. Mwalimu wake si mtu mbaya, ana watoto zaidi ya sitini kwenye darasa moja. Nilimweleza yote haya kwa muda wa mapumziko, pengine kwa fujo kidogo. Alinisikiliza, akaniuliza, "Sasa nifanye nini?" Sikuwa nimejiandaa kwa hilo swali. Tukakubaliana akae mbele, apewe agizo moja kwa wakati, aandike. Tumemnunulia kijitabu cha kuingia mfukoni. Mamangu amepata nafasi kwa mtaalamu wa watoto katika kliniki ya umma, tarehe ni baada ya miezi minne. Mtaalamu ameomba rekodi za kulazwa.

Basi nikaenda ile hospitali kutafuta faili. Mwanafunzi wa historia, hata kama hakumaliza, anajua kusubiri dirishani. Karani aliniuliza mwaka, akaingia ndani, akakaa sana, akarudi kuniambia faili za mwaka huo zilihamishwa stoo wakati wa ukarabati na mwenye ufunguo hayupo. Nikamwuliza anarudi lini. Akasema nijaribu Jumanne.